Land Cruiser kuukuu na baridi ya Kibosho

Gari langu ni Land Cruiser HZJ75 ya 1991, injini ya 1HZ ya dizeli. Julai, saa kumi na mbili asubuhi huku Kibosho, mlimani Kilimanjaro, ukungu umeshika migomba na hilo zee halitaki kuamka. Usilipigie stata mfululizo, utaua betri. Washa swichi, subiri taa ya hita plagi (plagi zinazopasha injini joto kabla ya kuwaka) izime, zima, rudia tena, ndipo upige. Likiwaka kwa moshi mweupe na kutetemeka, usilikanyagie mafuta; mimi huliacha hadi ninywe chai. Likigoma kabisa, anza na vichwa vya betri. Changu kimoja kilikuwa na unga wa kijani, na fundi alikuwa ameshaniuzia betri mpya!

Masika ni habari nyingine. Udongo wetu mwekundu ukilowa ni sabuni. Shuka ufunge hab za mbele (vifungo vya katikati ya magurudumu ya mbele, vinavyoyaunganisha na 4x4) kabla ya tope, si ukishanasa, maana nimewahi kuzitafuta kwa vidole ndani ya uji huo huku abiria wa nyuma wakinicheka. Tairi zenye upepo wa PSI 35 punguza hadi 20. Kushuka, ingiza gia ya kwanza ya chini (ile ya low ya 4x4), toa mguu kwenye klachi na uiache injini ishike gari. Breki guse kidogo tu. Ukikanyaga kwa woga, tako la gari linakutangulia mferejini.

Ukifika lami fungua hab, jaza upepo.