Ukiulizwa kwenu kuna nini: Kiingereza cha sayansi kwa watu wa Mtwara na Lindi walioko ughaibuni

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi za serikali Newala, Masasi, Liwale au Kilwa tulifundishwa sayansi kwa Kiswahili mpaka darasa la saba. Usanisinuru, nishati, mgandamizo, mvuke: yote hayo tuliyaelewa. Kidato cha kwanza lugha ikageuka ghafla, na kilichofuata ni kukariri. Ndiyo maana utamkuta mtu ana diploma yake safi, yuko Manchester au Toronto, anafanya kazi maabara au anafunga paneli za sola, lakini akiulizwa swali dogo wakati wa chai anajibu "yes, yes" na kuinamia kikombe. Sayansi anayo. Maneno ndiyo aliyoyahifadhi kwa ajili ya mtihani, si kwa mazungumzo.

Ushauri wangu ni kwamba achana na zile orodha za maneno mia tano zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Anza na vitu vya kwenu. Unavijua kwa mikono, kwa hiyo kichwa hakihangaiki kuelewa na kukumbuka kwa wakati mmoja. Halafu ndivyo utakavyoulizwa hasa. Mzungu akisikia unatoka kusini mwa Tanzania hatakuhoji juu ya atomu, atataka kujua kwenu kuna nini.

Basi tuanze na korosho, maana huko uliko zinauzwa dukani kwa bei ya kukufanya ucheke peke yako. Bibo kwa Kiingereza ni "cashew apple", ganda ni "shell", na kiini tunachokula ni "kernel". Kubangua ni "to shell". Mwenzako wa kazini akikuuliza kwa nini korosho haziuzwi na maganda yake kama karanga, hapo unalo somo zima la kemia: ganda lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na kila aliyewahi kubangua kwa mkono anavijua vidole vyake vilivyokuwa. Sema: "The shell contains a caustic oil that burns the skin." Ukipenda kuongeza, mwambie mkorosho ni ukoo mmoja na mwembe, na pia na ule mmea wa Marekani unaowawasha watu, "poison ivy". "They belong to the same family." Neno "family" hapa ni la kibotania, na litakufaa kila unapozungumzia mimea au wanyama.

Sasa tahadhari. Ukitaka kupeleka korosho shuleni kwa mtoto au ofisini kama zawadi kutoka nyumbani, uliza kwanza. Shule nyingi za ughaibuni hazitaki kabisa vyakula vya jamii hiyo, kwa sababu kuna watoto wanaoweza kufa kwa mzio. Maneno ya kukaa nayo karibu ni "allergy", "allergic reaction" na "tree nuts". Karanga ni "peanuts" na huhesabiwa mbali, maana hizo ni jamii ya kunde. Swali lenyewe ni jepesi: "Does anyone here have a nut allergy?" Na kwenye paketi za biskuti ukiona "may contain traces of nuts", maana yake huenda kiwandani humo zimepita, hata kama hazimo kwenye mapishi.

Neno letu "dawa" ndilo linaloangusha watu wengi. Sisi tunapiga dawa mikorosho, tunameza dawa, tunapigia mswaki dawa, tunapulizia mbu dawa. Ukisema kwa Kiingereza kwamba baba yako anaipa mikorosho "medicine", msikilizaji atapata picha ya mti uliolazwa hospitali ya Ligula. Ubwiriunga ni ugonjwa wa ukungu, kwa Kiingereza "powdery mildew". Salfa tunayopuliza, "sulphur", ni "fungicide", yaani kiuaukungu. Ya wadudu ni "insecticide", ya magugu ni "herbicide", na zote kwa pamoja ni "pesticides". Kupuliza ni "to spray" ikiwa ya maji, "to dust" ikiwa ya unga. Sentensi ya kukaa nayo: "We dust the trees with sulphur to control a fungal disease." Angalia kwamba nimesema "control", sikusema "finish" wala "kill the disease". Neno huja na wenzake, na ukilichukua peke yake litakutia aibu.

Kuhusu uraka, pombe ya mabibo, nitasema kidogo tu, wazee wasije wakanisema. Mabibo yakikaa yakachacha ni "fermentation": hamira hugeuza sukari kuwa alkoholi na kabonidayoksaidi. Ukichemsha kilichochacha na kuupoza mvuke wake ukawa kimiminika tena, hiyo ni "distillation", na tayari umetoka kwenye uraka umeingia kwenye gongo. Minara ya kutenganisha mafuta ghafi kwenye viwanda vikubwa duniani inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Gesi ndiyo itakayokuletea mijadala. Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, Mnazi Bay mwaka 1982, na bomba la kwenda Dar es Salaam kutoka Madimba likaanza kazi 2015. Ukiwa Marekani ukasema tu "we have gas", watafikiri unazungumzia petroli, maana kwao kituo cha mafuta ni "gas station". Sema "natural gas" kila mara. Kisha jihadhari na ile hesabu inayopendwa majukwaani, ya futi za ujazo zaidi ya trilioni 57. Hiyo ni gesi inayokadiriwa kuwamo ardhini, nyingi yake chini ya bahari kuu, nayo huitwa "gas in place". Ile inayoweza kutolewa kwa teknolojia iliyopo na kwa faida huitwa "reserves", na huwa pungufu. Kuchanganya hayo mawili mbele ya mhandisi ni kujiletea maswali, na kwa maoni yangu hata kule nyumbani tungegombana kidogo zaidi kama tofauti hii ingeelezwa mapema kwa wananchi.

Mradi unaosubiriwa Likong'o, Lindi, ni wa kugeuza gesi kuwa kimiminika. Gesi hupozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri na ujazo wake hupungua takribani mara 600, ndipo inapakiwa melini. "When you cool the gas, it becomes liquid and takes up far less space." Sentensi hii haina neno gumu hata moja, na mtaalamu yeyote ataikubali. Watu wanadhani Kiingereza cha sayansi ni maneno marefu. Kinachotakiwa ni kitenzi sahihi: "cool", "heat", "melt", "leak", "flow", "store", "release". Ukivishika hivyo, majina yatafuata.

Na hapo kwenye "leak" simama kidogo, kwa sababu hili ni la uhai wako. Gesi ya bomba kwenye nyumba nyingi za Uingereza ni methani, nyepesi kuliko hewa, hupanda juu. Ya mtungi ni propani na butani, nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Zote mbili hutiwa harufu makusudi. Ukiisikia, usiwashe taa wala kiberiti, fungua madirisha, toka nje, na ukiwa nje piga simu useme: "I can smell gas." Hayo maneno manne yanatosha. Lakini iko nyingine isiyo na harufu wala rangi, ile inayowaua watu waliojifungia ndani na jiko la mkaa: "carbon monoxide". Usiichanganye na "carbon dioxide", hewa tunayoitoa puani. Ukipanga nyumba, muulize mwenye nyumba: "Is there a carbon monoxide alarm?" Na akikuangalia kwa mshangao, rudia swali.

Kwa ndugu wa Ruangwa kuna kinywe. Kwa Kiingereza ni "graphite", na ndicho kilichomo kwenye penseli, ingawa Waingereza kwa mazoea ya zamani huita "lead". Lead halisi ni risasi, metali yenye sumu, na hutamkwa "led". Kinywe siku hizi kinatafutwa kwa ajili ya betri za magari ya umeme: ndani ya betri ya lithiamu hukaa upande hasi, "anode", na kwa uzito kwa kawaida huizidi lithiamu yenyewe. Sema hivyo kwenye mazungumzo ya magari ya umeme uone watu watakavyokugeukia.

Na ukiwa Ujerumani, au ukipata nafasi ya kupita Berlin, nenda jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe, Museum für Naturkunde. Mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) aliyesimama ukumbini, Giraffatitan, ana kimo cha mita 13.27, na mifupa yake ilitoka kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Maneno ya kwenda nayo ni "fossil" kwa mabaki yaliyogeuka jiwe, "skeleton" kwa mifupa iliyounganishwa, "specimen" kwa kielelezo kimoja, na "replica" kwa kipande cha kuigiza, maana baadhi ya sehemu za yule mjusi si mifupa halisi. Umri wake ni kama miaka milioni 150, na kipindi hicho huitwa "Late Jurassic".

Soma vibao vya makumbusho yoyote kwa makini. Kiingereza cha sayansi kinapenda sana kauli ya kutendwa: "The bones were excavated between 1909 and 1913 and shipped to Berlin." Sarufi iko sawa kabisa, na wewe utahitaji kuandika hivyohivyo kwenye ripoti zako za chuo. Ila sentensi hiyo inaficha mtendaji. Waliochimba walikuwa mamia ya vibarua wenyeji, na zaidi ya tani 200 zilibebwa na watu kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wao aliyefahamika zaidi aliitwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 mjusi mmoja alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mwingine, mwaka 2019, akaitwa Wamweracaudia kwa ajili ya Wamwera, kabila la huko. Kwa hiyo jifunze na swali hili la adabu, litakufaa mahali pengi: "By whom?"

Matamshi nayo. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunaubeba mpaka kwenye Kiingereza. Kwa maneno ya "-ic" na "-tion" tuko salama: "scientific", "electric", "radiation" yote yanafuata mtindo wetu. Tatizo ni "-logy", "-graphy" na vipimo kama "thermometer". Hayo mkazo wake uko silabi ya tatu kutoka mwisho: tekNOloji, jiOgrafi, thaMOmita. Ukikosea hapa watu hawakuelewi hata kama sarufi yako imenyooka.

Pia kuna maneno yasiyo na wingi: "equipment", "research", "software", "information", "evidence". Sisi tuna vifaa, tafiti na taarifa, ndiyo maana tunajikuta tunaongeza "s". Usiongeze.

Ukikwama katikati ya sentensi, usinyamaze. Eleza kazi ya kitu: "the thing that measures pressure", "the part that stops the leak". Hata mafundi wazawa husema hivyo.

Namba za desimali husomwa moja moja baada ya nukta: 13.27 ni "thirteen point two seven". Wajerumani huandika koma mahali pa nukta, kwa hiyo 13,27 si elfu kumi na tatu na kitu. Na kama uko Marekani, kipimajoto cha dukani kinasoma Farenhaiti: 98.6 ni mtoto mzima wa afya, sawa na 37 ya kwetu, na 100.4 ni 38, homa tayari. Unapompigia nesi, taja kipimo pamoja na namba: "He has a temperature of a hundred point four, Fahrenheit."