Waifai ya jirani haina paswedi: fanya hivi kabla hujaigusa

Huku Kigoma nyumba za kupanga za Mwanga na Ujiji vyumba vimebanana, ukiwasha simu tu unaiona waifai ya jirani, haina kufuli afu netiweki imejaa mpaka juu. Kuikuta wazi sio kwamba umekaribishwa. Wengi fundi aliwasha ruta (kile kifaa kinachorusha waifai) akaondoka, mwenye nayo hata hajui kama iko wazi.

Kwanza usijiunge. Kama simu ilishawahi kujiunga, nenda setingi za waifai, bonyeza jina la huo mtandao, chagua isahau, la sivyo itakuwa inarudi yenyewe kila ukipita.

Pili jiulize nani analipa. Ruta nyingi za mtaani zinatumia laini na bando la GB, na saa moja ya muvi ya HD inaweza kula mpaka GB 3, hapo mwenzio anabaki analaumu kampuni ya simu kumbe ni wewe. Ni sawa na kuchomeka pasi kwenye soketi yake, Luku yake ndo inasoma. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4, inasema kuingia mfumo wa kompyuta makusudi na kinyume cha sheria ni kosa. Sisemi jirani atakupeleka polisi kisa umeangalia status, ila ukifanya ujinga kupitia ruta yake wa kwanza kuulizwa ni yeye, laini imesajiliwa kwa alama zake za vidole.

Sasa nenda ukaongee nae, mwenyewe, usitume mtoto. "Shikamoo mama, samahani, waifai yenu naiona mpaka chumbani kwangu haina paswedi, nikaona niwaambie." Anza na hiyo kabla ya kuomba chochote, akitaka kuifunga mwache aifunge. Akikuruhusu, changia bando kila mwezi kwa hela (dagaa za shukrani mpelekee tu, ila bando hazinunui), mkubaliane hakuna kudaunlodi muvi, na paswedi usimpe mshkaji hata akiomba kwa upole.

Akikuomba umsaidie kufunga, kaeni wote: unga simu yake kwenye ruta, fungua brauza andika namba iliyo kwenye stika nyuma ya ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kwenye ulinzi wa waifai chagueni WPA2 au WPA3 (aina za kufuli la paswedi), paswedi aandike yeye. Badilisheni na paswedi ya kuingilia kwenye setingi za ruta maana wengi wanaiacha ya kiwandani. Kama ruta ina mtandao wa wageni, wewe kaa huko.

Ya dharura, mfano kuna mgonjwa na huna salio, mi naona tuma meseji yako moja, toka, afu kamwambie siku hiyohiyo. Lakini mambo ya benki usifanye kwenye waifai ya wazi, mtu yeyote anaweza kuwasha hotspoti akaipa jina hilohilo, ukajiunga nayo ukidhani ni ya jirani.

Ukihama, mwambie abadili paswedi.