Kukagua malikale kabla ya kupanua barabara na kujenga daraja: kazi ya uwandani pwani ya Tanzania

Barabara inapopanuliwa, watu wengi hukimbilia kukagua malikale, yaani mabaki ya watu wa kale, kandokando ya lami. Hapo mara nyingi hakuna jipya, kwa sababu udongo ulishapinduliwa barabara ilipojengwa mara ya kwanza. Hasara kubwa hutokea kwenye machimbo ya moramu, kambi ya mkandarasi, barabara ya mchepuko, na kingo za mto pale daraja jipya linapojengwa kando ya lile la zamani. Kwa hiyo eneo la ukaguzi lichorwe kwa kufuata udongo utakaoguswa, wala si mstari wa barabara peke yake. Mifano ya hapa imetoka katika mazingira ya kati ya Bagamoyo, Pangani na Tanga.

Karatasi kwanza

Ukaguzi huingia ndani ya tathmini ya athari kwa mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na ripoti hupitia NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Hiyo haikupi ruhusa ya kuchimba. Kuchimba na kuondoka na vitu kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 (Sura 333). Sheria hiyo inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, pamoja na milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Kipengele cha milango husahaulika sana. Nyumba ikishapigwa X ya kubomolewa, mlango wa nakshi unaweza kuuzwa kabla ya fidia kulipwa, basi piga picha milango yote ya zamani mapema.

Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, yaani ukanda wa mita 60. Mwombe mhandisi mshauri mafaili ya mstari wa barabara, kisha usitoke ofisini kwake bila orodha ya haya: machimbo, mitambo ya kusaga kokoto, mahali pa kumwaga kifusi, njia za mchepuko, na njia mpya za nguzo za umeme na mabomba ya maji yatakayohamishwa. Akisema machimbo bado hayajapangwa, andika kwenye ripoti kwamba yatakaguliwa kabla ya kufunguliwa, na mkataba wa mkandarasi utaje hivyo.

Angalia pia mfumo wa ramani. Ramani za zamani za 1:50,000 zinatumia mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, na GPS ikitoka kiwandani huwa kwenye mfumo mwingine, WGS84. Ukichanganya, nukta inahama karibu mita 300. Umbali huo unatosha kuweka msikiti wa kale ng'ambo ya mto.

Majina ya mahali yasomwe ramanini kabla ya kuvaa buti. Tongo ni makazi yaliyoachwa, na Tongoni, kusini mwa Tanga, pana magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Mahame, Magofuni na Kivukoni nayo yazungushiwe duara. Halafu keti na wazee wa kijiji, wanaume na wanawake kila kundi kwa nafasi yake, uulize visima vya zamani, mizimu, na mahali jembe linapogonga vigae vya vyungu.

Kutembea

Wakati mzuri ni mashamba yakishasafishwa na mvua moja au mbili zikishanyesha: maji huosha vigae vikaonekana, na magugu hayajafunika. Mwisho wa masika ni kupoteza pesa.

Kwa ukanda wa mita 60, panga watu sita, mita 10 kati ya mtu na mtu, kila mmoja akifuata dira. Ndani ya mita 500 za mto, mbuyu mkubwa au kisima cha kale, bana hadi mita 5. Gawa njia katika vipande vya mita 500, na kila kipande uandike ardhi ilionekana kwa asilimia ngapi. "Hatukuona kitu" penye nyasi za kiunoni si sawa na "hatukuona kitu" kwenye shamba lililolimwa jana. Anayesoma ripoti asipoambiwa tofauti hiyo, ataelewa kwamba pote ni salama.

Kigae chenye pembetatu zilizochorwa shingoni na kujazwa mistari ya kukwaruza ni cha karne ya 7 hadi ya 10 hivi. Midomo ya vyungu iliyokatwa bapa na kutiwa mifereji hupeleka mbali zaidi, karne za kwanza BK. Mavi ya chuma, yaani taka za kuyeyusha chuma, ni mazito kuliko yanavyoonekana, na mara nyingi yana michirizi kama nta iliyomwagika. Yakiwa pamoja na vipande vya mirija ya udongo ya mifuo, hapo paliyeyushwa au kufuliwa chuma. Tope la ukuta ulioungua hubeba alama za fito. Kichuguu kilichoungua hakina, nacho kimedanganya wengi. Hata mawe yaliyovunjwa na greda hufanana na zana za mawe: tazama kingo, kama mipasuko yote ni mipya na ina rangi moja ya ndani, achana nalo.

Mtego mkubwa uko kwenye bega la barabara. Moramu iliyomwagwa hapo miaka ya nyuma huenda ililetwa na vigae vyake kutoka chimbo la mbali. Kabla ya kuandika "eneo la kale", shuka kwenye mtaro na ukwangue ukuta wake kwa mwiko. Kigae kikiwa kimeng'ang'ania udongo wa asili, chini ya tabaka la kifusi, ni cha pale. Kikiwa ndani ya kifusi, tafuta lile chimbo la zamani, maana ndiko penye eneo lenyewe.

Mashimo ya majaribio

Penye dalili, chimba mashimo ya sentimita 50 kwa 50, mita 20 kati ya moja na jingine. Shuka kwa ngazi za sentimita 10, udongo wote upite kwenye chekeche la matundu ya milimita 5. Shanga ndogo hupita hapo, kwa hiyo weka pembeni ndoo moja ya kila ngazi kwa chekeche la milimita 2. Lebo ziwe mbili: moja nje ya mfuko, na moja ndani iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hufutika juani.

Kwa kawaida ngazi mbili tupu zinatosha kusimama. Kwenye kingo za mto kanuni hiyo haifai. Mafuriko hulaza tope juu ya makazi, na chini ya mita moja ya mchanga mtupu unaweza kukuta majivu, maganda ya kombe na vigae. Tumia kekee ya mkono ya kutoboa udongo hadi mita 3. Usiingie shimo lililopita mita 1.2 bila kupanua kingo kwa ngazi, mchanga wa mto haupigi hodi. Wahandisi nao watatoboa mashimo marefu zaidi ya kupimia udongo wa nguzo za daraja. Omba uone sampuli zao kabla hazijatupwa, ni kina ambacho bajeti yako haifiki.

Mto wa pwani kama Pangani ukaguliwe siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa, ndipo nguzo za gati na mawe ya vivuko vya zamani hujitokeza. Chukua mwenyeji anayejua mamba wanaota jua wapi.

Shimo likiisha, tia kizibo cha soda chini kisha fukia. Atakayechimba baadaye atajua mwenzake alifika hapo.

Makaburi

Haya yana Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, na hayaguswi na timu ya ukaguzi. Kaburi la Kiislamu laweza kuwa na mashahidi mawili tu, yaani mawe ya alama ya kaburi, na moja huenda limeshaanguka. Pima, chora, tafuta ukoo unaohusika, waachie wenye mamlaka chini ya sheria hiyo hatua zinazofuata.

Baada ya ripoti

Kwa kila eneo pendekeza jambo moja linalotekelezeka: sogeza mchepuko, zungushia uzio, chimba kitaalamu, au simamia mashine. Chimbo la moramu ndilo rahisi kuhamisha, nguzo ya daraja ndiyo ngumu, kwa hiyo fedha za uchimbaji zielekezwe kingoni mwa mto.

Kwa vitakavyofukuliwa kazi ikiendelea, utaratibu uandikwe kwa lugha ya dereva wa kijiko, mtambo wa kuchimbua: simamisha, weka utepe mita 25 kuzunguka, mpigie msimamizi, usiokote. Kwenye kikao cha asubuhi cha usalama, mpitishieni mkononi kigae halisi na kipande cha mavi ya chuma, avipime uzito mwenyewe. Picha ya ukutani haimsaidii aliyeko juu ya mtambo, vumbi likiwa limetanda.