Kuishi na Kusafiri Bengaluru: Mwongozo kwa Anayefuatana na Mgonjwa kutoka Arusha au Moshi

Familia za Arusha na Moshi zinapoamua kumpeleka mgonjwa India, hujiandaa vizuri kwa ajili ya hospitali na kuusahau mji. Hospitali ina watu wa kumpokea mgonjwa. Anayebaki kuhangaika na nyumba, chakula, maji na nauli ni ndugu aliyefuatana naye. Mwongozo huu ni wa ndugu huyo, na unahusu Bengaluru, mji mkuu wa jimbo la Karnataka, ambao unabadilika kwa kasi kiasi kwamba maelekezo ya shangazi aliyekwenda huko miaka michache iliyopita, pamoja na nia yake njema, yanaweza kukugharimu saa nyingi barabarani.

Kabla ya kuondoka, hakikisha kwamba viza yako ni ya msindikizaji wa mgonjwa na si ya utalii; kwa kawaida mgonjwa mmoja huruhusiwa wasindikizaji wawili walio ndugu zake wa karibu. Ukipewa rupia zilizobaki safari za zamani, zikague: noti za 500 na 1,000 za toleo la zamani zilifutwa Novemba 2016, na noti ya 2,000 iliondolewa kwenye mzunguko mwaka 2023. Beba pia adapta, kwa kuwa soketi za kule ni za pini za mviringo.

Jambo linaloamua mengine yote ni mahali pa kulala. Usichague nyumba kwa bei peke yake, wala kwa sababu ramani inaonyesha kilomita chache, kwa maana kilomita kumi za Bengaluru jioni zinaweza kuchukua saa nzima na zaidi. Chagua mahali unapoweza kufika hospitalini kwa miguu, au palipo karibu na kituo cha metro, yaani treni ya mjini, kilicho kwenye njia ileile ya hospitali. Mfano mzuri ni eneo la Bommasandra, kusini mwa mji, penye hospitali kubwa ya moyo ya Narayana. Zamani aliyelala katikati ya mji mara nyingi alilazimika kupita makutano ya Silk Board, ambayo foleni yake inajulikana India nzima. Tangu Agosti 2025 njia ya Njano ya metro inapita juu ya makutano hayo na kufika Bommasandra, hivyo ushauri wa kuikwepa barabara ile kwa gharama yoyote umepitwa na wakati.

Metro yenyewe, iliyoanza mwaka 2011, ni rahisi kuliko inavyoonekana. Mwishoni mwa 2025 njia zilikuwa tatu: ya Zambarau na ya Kijani zinakutana kituo cha Majestic, na ya Kijani na ya Njano zinakutana kituo cha Rashtreeya Vidyalaya Road. Mlangoni mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi na wanawake wana foleni yao. Unanunua tokeni ndogo ya plastiki, unaigusisha kwenye geti unapoingia, na unapotoka unaitumbukiza kwenye tundu la geti, kwa hiyo usiitupe njiani. Anayekaa zaidi ya wiki moja anunue kadi, maana inapunguza nauli kidogo na kumwondolea foleni ya dirishani. Nauli ilipandishwa Februari 2025, ya juu ikafika rupia 90. Ulizia ya sasa kabla hujapanga bajeti. Treni hazikeshi, kwa hiyo atakayetoka wodini usiku wa manane apange usafiri mwingine.

Usafiri huo mara nyingi utakuwa bajaji, ileile tunayoijua, yenye rangi ya kijani na njano. Kisheria dereva anapaswa kuwasha mita, na kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri nauli huwa mara moja na nusu. Wengi hukataa mita na kutaja bei ya kukisia, hasa wakimwona mgeni. Usigombane. Tumia programu ya simu kama Namma Yatri, iliyoanzia palepale Bengaluru, au Ola na Uber, ambazo hukuonyesha bei kabla hujapanda. Ukishapata gari, simu itakuonyesha namba ya tarakimu nne. Mtajie dereva namba hiyo akishafika na ukishalinganisha namba za gari, kwa sababu bila hiyo safari haianzi. Mwite dereva anna, yaani kaka mkubwa. Heshima hiyo husikika upesi kule kama huku kwetu.

Laini ya simu ndiyo ufunguo wa yote haya, na mgeni huhitaji pasipoti, viza na anwani ya mahali anapokaa. Anwani za Bengaluru zina mpangilio wake: barabara kubwa za mtaa huitwa Main na zinazozikata huitwa Cross, zote kwa namba, na kila mtaa una namba zake. Ukimwambia dereva Cross ya nne bila jina la mtaa, umemwambia nusu tu. Ongeza hekalu, shule au duka la dawa lililo jirani.

Wenyeji hulipa karibu kila kitu kwa simu kupitia mfumo wa UPI, hata muuza madafu. M-Pesa yako haitafanya kazi humo, kwa hiyo uwe daima na noti ndogo za rupia 10, 20, 50 na 100.

Ukipanga nyumba badala ya hoteli, mwenye nyumba anatakiwa kutoa taarifa ya mgeni kwa mamlaka kupitia Fomu C ndani ya saa 24, na anayekwepa kuijaza ni wa kuachwa mapema. Mwenye viza ya zaidi ya siku 180 hujiandikisha mwenyewe ndani ya siku 14. Uliza maji yanatoka wapi: mji huvuta maji ya mto Cauvery kutoka mbali, mitaa mingi ya pembezoni hutegemea visima na maboza, na mapema mwaka 2024 uhaba ulikuwa mkali. Uliza pia kama nyama inaruhusiwa jikoni, kwani wenye nyumba wengine hawaitaki kabisa.

Kuhusu chakula, mgonjwa anayepona hutamani cha nyumbani, na hapa Karnataka ina zawadi kwa watu wa Kilimanjaro na Meru. Chakula cha wakulima wa huko ni ragi mudde, ugali wa ulezi uliofinyangwa kama tufe, wa moto, unaomegwa kwa mkono na kuchovywa kwenye mchuzi mwepesi. Wenyeji huumeza bila kutafuna. Mwombe mpishi apunguze pilipili. Ndizi mbichi za kupika zipo soko la KR, ambalo lina kituo chake kwenye njia ya Kijani, na mtori unawezekana kabisa. Kwa kifungua kinywa cha haraka, nenda kwenye vimgahawa viitwavyo darshini: unalipa kwanza, unachukua risiti hadi dirisha la jikoni, na unakula umesimama. Kwenye vyakula vya pakiti, alama ya kijani inamaanisha hakuna nyama.

Siku ya kurudi, mabasi ya uwanja wa ndege hutambulika kwa herufi KIA, zile zile za uwanja wetu wa Kilimanjaro. Uwanja uko Devanahalli, kaskazini kabisa mwa mji, kwa hiyo anayetoka Bommasandra anauvuka mji mzima. Ndege za kimataifa huondokea Jengo la 2, na askari wa mlangoni hamruhusu mtu kuingia bila pasipoti na tiketi, hivyo iwe imechapishwa au iko tayari kwenye simu yenye chaji. Kama mgonjwa anahitaji kiti cha magurudumu, kiombe kwa shirika la ndege siku kadhaa kabla, na ukitaje tena mara mnapofika mlangoni.