Kabla hujalala: maandalizi ya anayekabwa na jinamizi

Umefumbua macho alfajiri, unasikia upepo wa Dodoma ukitikisa mabati, unataka kumwita mwenzako na sauti haitoki. Kama yamekukuta, jambo la kwanza ni kulielewa kabla halijarudi, maana hofu ndiyo chakula chake.

Mwaka 1953, huko Chicago, watafiti Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walieleza usingizi ambao macho huchezacheza chini ya kope. Ndoto nyingi zilizo wazi huotwa humo, na ubongo huilegeza misuli tusije tukampiga ngumi jirani kwa ugomvi wa ndotoni. Jinamizi ni akili kutangulia kuamka huku mwili ungali umelegezwa na ndoto haijakwisha. Ndiyo maana unamwona "mtu" mlangoni. Kifua kinabana kwa kuwa huwezi kuvuta pumzi ndefu kwa kutaka, lakini msuli mkuu wa kupumulia haujaacha kazi. Hukosi hewa.

Deni la usingizi ndilo mchokozi mkubwa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayekesha wiki ya mitihani, leo kalala alfajiri, kesho kalala magharibi, analialika mwenyewe. Shika muda uleule wa kulala, hata Jumamosi, na kahawa iishie mchana. Kulala chali nako hulivuta, kwa hiyo lalia ubavu na ukandamize mto mgongoni usigeuke.

Panga mapema utakachofanya likikukaba: usipambane na mwili mzima. Zungusha macho, hayo hayajafungwa, kisha jaribu kidole kimoja tu cha mguu. Kama una Biblia au msahafu chini ya mto, uache hapo. Moyo uliotulia ni nusu ya dawa.

Hapa mjini ukisimulia mambo haya utataniwa upelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Jinamizi si wazimu. Ila ukiwa unasinzia ovyo mchana, magoti yanalegea ukicheka, au unakoroma hadi pumzi inakatika, muone daktari.

Mwisho, mwambie unayelala naye chumba kimoja: akisikia unaguna na kuhema haraka, akuguse bega na kukuita jina. Maji asikumwagie. Baridi ya Julai ya Dodoma unaijua.