Harufu ya ndizi mbivu kwenye mzinga

Siku ukidungwa na nyuki mkononi wakati wa kurina, nusa glovu yako. Utasikia harufu kama ya ndizi mbivu. Haitoki kwenye asali wala nta. Ni kemikali iitwayo isopentili asetati, inayotolewa pamoja na mwiba, na kwa nyuki ni mbiu ya hatari. Wenzake huinasa kwa vipapasio, wakaja kudunga palepale alipodunga wa kwanza. Ndiyo maana mtu huumwa mara kumi mahali pamoja, kisha akaenda kutangaza kijijini kwamba nyuki wa mzinga ule ni wakali.

Basi ukidungwa, kwangua mwiba mara moja kwa ukucha, kisha papulizie moshi. Usipoteze muda ukitafuta namna bora ya kuung'oa, maana kifuko cha sumu kinaendelea kusukuma hata nyuki mwenyewe akishaanguka. Glovu na mavazi ya kinga yafuliwe kabla ya safari nyingine. Na ndizi usiende kuila karibu na mizinga.

Moshi nao tunautumia bila kuuelewa. Wengi husema unawalewesha nyuki. Ukweli ni kwamba unawafanya wakimbilie kunywa asali na, kubwa zaidi, unavipumbaza vipapasio visiinuse ile mbiu. Nguvu hiyo hudumu dakika 10 hadi 20 tu. Kwa hiyo pulizia mlangoni kabla ya kufunua, mara mbili tatu, subiri dakika moja au mbili, ndipo ufungue, na uendelee kupulizia kidogokidogo kadiri unavyotoa masega. Mtu anayesubiri hadi nyuki wachachamae ndipo achochee bomba la moshi amekwisha kuchelewa. Moshi uwe mweupe na wa baridi: magunzi, maranda ya mbao isiyotiwa dawa, kinyesi kikavu cha ng'ombe. Plastiki na vitambaa vyenye dizeli viache kabisa, harufu yake inaingia kwenye asali.

Pumzi yako pia inawachokoza. Nyuki walinzi wa mlangoni huitambua hewa ukaa anayotoa mnyama anayehema karibu yao, kwa hiyo simama ubavuni mwa mzinga na usiinamie mlango. Manukato yabaki nyumbani.

Sasa macho. Mtafiti Karl von Frisch aliwafundisha nyuki kufuata maji ya sukari juu ya kadi za rangi, akagundua kwamba bluu wanaitambua vizuri lakini nyekundu wanaichanganya na kijivu cha giza. Mwaka 1973 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na watafiti wengine wawili. Kwetu sisi tunaorina usiku, ugunduzi huo una thamani kubwa. Msimu wangu wa kwanza nilivaa tochi nyeupe kichwani. Nyuki walitambaa kuifuata hadi wavu wa kofia ukafunikwa wote, nikawa sioni tofauti ya sega lililoiva na lile lenye majana, yaani watoto wa nyuki, na nikakata yote mawili. Roho iliniuma kuona yale majana meupe kwenye ndoo. Siku hizi nafunika tochi kwa nailoni nyekundu, tabaka mbili. Mimi naona vya kutosha. Wao hubaki kwenye masega yao.

Mavazi yawe meupe au ya rangi iliyofifia, kwani kitu cheusi kinachotikisika hukishambulia kwanza. Mzinga ukitaka kuupaka rangi, chagua bluu, njano au nyeupe, ukibadilisha kwa zamu ili kila nyuki arudi kwao bila kukosea.

Harufu za nyuki hutuponza, lakini nyingine inaweza kutusaidia. Nyuki wakiitana kwenye makao mapya, hutoa harufu inayokaribiana na ya mchaichai. Mzinga wako ukiwa mtupu, pikicha majani machache ya mchaichai viganjani, sugua ndani na mlangoni, paka nta kwenye vibao vya kushikia masega, kisha utundike kivulini kabla msimu wa maua haujaanza.