Namna ya kuchagua sabuni ya mashine ya kufulia kwa maji ya Kigoma

Nafua nguo za watu hapa Mwanga, Kigoma mjini. Nina mashine mbili zinazofungukia mbele na moja kuukuu ya matangi mawili. Tangu majirani waanze kununua mashine za nyumbani, swali ni lilelile: "Dada, wewe unatumia sabuni gani?" Wanataka niwatajie jina la paketi, waende dukani, yaishe. Huwa sijibu hivyo, kwa sababu sabuni ninayoipenda niliipata baada ya kuyajua maji yangu na mashine zangu. Ukipita njia hiyohiyo utapata ya kwako, na huenda isiwe ile ninayotumia mimi.

Hatua ya 1: Yajue maji yako

Anza hapa, kabla hujatoa hela mfukoni. Maji ya bomba ya mjini yanatoka ziwani, na Ziwa Tanganyika ni angavu kiasi kwamba ukisimama juu ya mawe ya ufukweni unaona samaki wakipita chini yako. Uangavu huo unatudanganya. Maji yanaweza kuwa masafi machoni na bado yakawa magumu kwa sabuni, na ya kwetu ni magumu. Ziwa lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa kuvukizwa na jua, chumvichumvi zinabaki. Mto Rusizi nao unashusha nyingine kutoka Ziwa Kivu. Inayotusumbua zaidi sisi wafuaji ni magnesiamu, ambayo ni kama miligramu 40 katika kila lita, halafu kalsiamu kama 10. Na pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, ni karibu 9, wakati maji yasiyoegemea upande wowote huwa 7.

Usiniamini kwa maneno matupu, jaribu mwenyewe. Chukua chupa mbili za maji ya kunywa, zile za nusu lita. Moja ijaze nusu kwa maji ya bomba, nyingine nusu kwa maji ya mvua uliyokinga. Kwangua sabuni ya mche kwa kisu, weka kiasi kilekile kila chupa, kama robo ya kijiko cha chai, funga, tikisa mpaka mkono uchoke. Chupa ya mvua itajaa povu jeupe linalosimama, na chini ya povu utaona kidole chako upande wa pili. Chupa ya bomba itatoa povu dogo linaloanguka haraka, maji yatageuka kama tui jepesi, na ukisubiri dakika chache utaona vipande vyeupe vikielea juu kama maziwa yaliyokatika. Kama unatumia kisima, fanya jaribio hilohilo, maana visima havifanani hata vikiwa mtaa mmoja.

Vile vipande vyeupe ndivyo vinavyoingia kwenye nguo. Sabuni ya mche imetengenezwa kwa mafuta, na mafuta hayo yakikutana na magnesiamu yanashikana nayo, hayatoi uchafu tena. Mama mmoja wa Ujiji aliniletea taulo zake, akanikabidhi moja mkononi. "Mwanangu, hebu shika. Mbona zimekuwa kama magunia?" Nikamwamkia, nikamuuliza anafulia nini. Alikuwa anakwangua sabuni ya mawese na kuimimina kwenye mashine, kwa sababu ndiyo aliyoizoea tangu utotoni. Sabuni zetu za mawese nazipenda, na kola ya shati bado naisugua nayo kwa mkono. Ila isiingie kwenye mashine. Mashine inataka sabuni ya unga au ya maji iliyotengenezwa kwa viungo ambavyo magnesiamu haivigandishi.

Hatua ya 2: Ijue mashine yako

Sisi wengi sabuni yoyote ya unga tunaiita omo, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu jingi, kwa kuwa anayefua kwenye beseni anapenda kuliona. Ya mashine imewekewa kitu cha kulizuia. Kampuni moja inaweza kuuza zote mbili kwa jina moja na rangi zinazokaribiana, kwa hiyo tafuta kwenye paketi neno "automatic", "auto" au "machine", au picha ya mashine yenye mlango wa duara.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa sijui. Niliweka unga wa mkono kwenye mashine ya kufungukia mbele, nikaweka mwingi, maana nguo zilikuwa za wavuvi na zilinuka dagaa. Povu lilipanda mpaka likatokea kwenye kidroo cha sabuni, likashuka ukutani hadi sakafuni. Ndani ya mzigo ule kulikuwa na baibui jeusi la mteja mwingine, nalo lilitoka na michirizi myeupe mgongoni. Nililisuuza mara tatu kwa gharama yangu kabla sijathubutu kulirudisha.

Mashine ya kufungukia mbele inatumia maji kidogo, na inasafisha kwa kuinua nguo na kuziangusha. Povu likijaa, nguo zinaangukia kwenye godoro. Hazigongani, uchafu hautoki, pampu inashindwa kuvuta, na mashine nyingine huongeza kusuuza zenyewe, kwa hiyo na maji na umeme wa LUKU vinaliwa zaidi. Ukiwa na ya aina hii, sabuni ya mashine ni lazima. Ya kufungukia juu inavumilia kidogo, lakini nashauri vilevile. Ile ya matangi mawili inachota maji mengi na wewe mwenyewe ndiye unayesuuza, hivyo unga wa mkono unafaa, ila kwa kipimo kidogo.

Hatua ya 3: Geuza paketi, soma nyuma

Mbele ya paketi pana maua na limau. Ukweli uko nyuma, kwa maandishi madogo. Haya ndiyo ninayoyatafuta:

Vimeng'enya, vinavyoandikwa "enzymes". Kimoja kinakata protini, yaani jasho, damu, maziwa na shombo ya samaki. Kingine kinakata mafuta, kingine wanga wa uji na ugali. Kwa nyumba ya Kigoma inayokula migebuka na mawese, sinunui sabuni isiyo navyo. Vinafanya kazi vizuri kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 30 mpaka 40, na vinahitaji muda, kwa hiyo ile programu ya dakika kumi na tano haivitendei haki. Maji ya moto sana huviharibu, na jiki pia huviharibu. Nguo za sufu au hariri usizifue navyo, kwa sababu sufu na hariri zenyewe ni protini.

Kipaushi cha oksijeni, utaona neno "percarbonate". Hiki kiko kwenye unga, na ndicho kinachong'arisha shuka na kanzu nyeupe bila kula nyuzi kama jiki. Sabuni ya maji kwa kawaida haina, na ndiyo sababu kwa nguo nyeupe nachagua unga. Kwa nguo nyeusi na za rangi kali nachagua ya maji: haina kipaushi na haiachi chembe.

Fosfeti. Hii naikwepa. Inalainisha maji vizuri, hilo ni kweli, lakini majitaka yanateremka kuelekea ziwani, na fosfeti ni mbolea ya mwani. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeibana tangu mwaka 2013 kwenye sabuni za kufulia za nyumbani. Sabuni zenye zeolaiti au sitreti zinalainisha maji bila madhara hayo, na maji ya ziwa hili ndiyo tunayokunywa.

Harufu si kazi ya kufua. Kama una mtoto mchanga au mtu mwenye ngozi inayowasha, chukua isiyo na manukato.

Hatua ya 4: Jaribu kwa doa la mawese

Usinunue mfuko wa kilo tano kwa kuambiwa. Nunua pakiti ndogo za aina mbili au tatu. Chana shuka jeupe la zamani vipande vya ukubwa wa leso, kila kimoja kiandike jina la sabuni kwa kalamu isiyofutika. Dondoshea kila kipande tone la mawese, sehemu nyingine pakaza mchuzi wa samaki, sehemu nyingine sugua udongo mwekundu wa barabarani. Acha usiku kucha. Kesho yake kila kipande kifuliwe na mzigo wake, programu ileile, joto lilelile.

Sasa kuwa makini na mawese. Kipande kikitoka bado kina kivuli cha rangi ya chungwa, usikitupe na usiihukumu sabuni mapema. Kishike kikiwa kibichi, pitisha kidole pale penye doa. Kama panateleza, mafuta yamebaki, na sabuni imeshindwa. Kama panashikika sawa na sehemu nyingine ya kitambaa, sabuni imetoa mafuta na iliyobaki ni rangi tu. Rangi hiyo ni karotini, ileile ya karoti, na jua linaikata. Anika mchana kutwa, jioni utakuta imefifia au haipo.

Kisha nusa kila kipande kikiwa kimekauka. Shombo iliyojificha chini ya manukato hujitokeza ukikiweka kitambaa karibu na mdomo na kukipulizia pumzi ya moto.

Hatua ya 5: Tafuta kipimo

Anza na kiasi ambacho paketi imeandika kwa maji ya ugumu wa wastani. Baada ya kila mizigo miwili punguza kijiko kimoja, mpaka uone kola zinaanza kubaki na weusi, kisha rudisha kijiko hicho. Hapo umefika.

Kuna namna ya kujua kama umekuwa ukizidisha. Chukua taulo zilizofuliwa tayari, ziweke kwenye mashine bila sabuni yoyote, nyuzi 40, uchungulie mlangoni baada ya dakika kumi. Ukiona povu, hilo ni la mizigo iliyopita, limelala kwenye nyuzi. Zile taulo za mama wa Ujiji tulizizungusha hivyo mara mbili, kisha tukazifua kwa unga wa mashine. Zilianza kulainika mzigo wa tatu. Kilainishi cha nguo nilimkataza, kwa sababu kinapaka utando mwingine na taulo linaacha kunyonya maji.

Hatua ya 6: Piga hesabu kwa mzigo, si kwa kilo

Tuseme kilo ya sabuni moja ni shilingi 8,000 na unatumia gramu 60 kwa mzigo. Utafua mizigo kama 16, kila mmoja shilingi 500. Nyingine ni shilingi 5,000 kwa kilo, lakini inataka gramu 120 ndipo nguo itakate: mizigo 8, kila mmoja shilingi 625. Pima gramu kwenye mizani ya dukani mara moja tu, muuzaji hatakukatalia.

Ukishaipata, toa unga kwenye mfuko uuweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Wakati wa mvua unga unavuta unyevu, unaganda mabonge, na bonge halipimiki. Mimi nimekata kikombe cha plastiki pale kipimo changu kinapoishia, kinakaa ndani ya ndoo, na juu ya mfuniko nimeandika kwa herufi kubwa: NYEUPE: KIKOMBE KIMOJA. RANGI: NUSU. Anayenisaidia kufua anafuata hivyohivyo hata nikiwa nimeshuka Kibirizi kuchukua nguo za wateja.